Wakwe wanakuja kulala botini, na kidonda cha kaka yangu hakijapona

Shikamoo Mama,

Mimi na mume wangu tunaishi kwenye boti ya tanga. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuuze vyombo vya nyumbani tukahamia majini, na tangu hapo tunazunguka visiwa vya joto. Boti ina urefu wa mita 12, vyumba viwili vya kulala, choo kimoja cha pampu ya mkono na tangi la maji la lita 400. Mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari hatuna. Sisi wawili maji hayo hutufikisha wiki tatu.

Mwaka jana kaka yangu alikuja na mkewe kwa siku kumi. Nilimsubiri kwa hamu, Mama, nilifua mashuka mara mbili. Lakini siku ya nne tangi lilikuwa tupu. Sikuwaambia kitu. Kila mmoja alipotoka kuoga nilikwenda kuchungulia kipimo cha tangi na kuandika kwenye daftari. Choo kikaziba, mume wangu akakifungua usiku wa manane kwa tochi. Kisha ukafika wakati wa kuwarudisha kwenye kisiwa chenye uwanja wa ndege. Upepo ulikuwa mkali na unatujia usoni, lakini ndege haingoji, tukang'oa nanga. Kwa muda wa saa tisa tulipigwa na mawimbi. Mke wa kaka alitapika mpaka nyongo, kaka mwenyewe aliteleza akaumia mbavu. Tulipofika gatini alinikumbatia akaniambia, "Ungesema tu kwamba tunakusumbua." Mpaka leo ujumbe wangu anaujibu kwa neno moja.

Sasa wanakuja wakwe. Mama mkwe anatimiza miaka 71. Atakuja na wifi yangu, mumewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine 9. Siku 14, wote walale kwetu. Mume wangu ameshawaahidi kwamba sherehe ya kuzaliwa itafanyika kwenye kisiwa anachokipenda sana, maili 60 za baharini kutoka uwanja wa ndege, upande ule upepo unakotoka. Siku yenyewe imeshapangwa.

Niliandika orodha ya kuwatumia: maji, choo, mizigo, jaketi za kuokolea. Mume wangu aliisoma akasema mama yake hawezi kupokewa kwa masharti. Wifi aliposikia akasema, "Tunakuja kutembea, hatuji jeshini." Mama mkwe hajasema neno. Goti lake ni bovu na anakunywa dawa za presha. Nampenda, ndiyo maana naogopa. Tiketi watanunua mwisho wa mwezi huu. Je, ninyamaze ili amani iwepo?

Mke wa Nahodha

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye daftari. Hebu jiweke mahali pa kaka yako. Umetoka mbali, umefika kwa dada yako, unaoga kama ulivyozoea maisha yako yote, na ukifungua mlango unamkuta dada ameinama kwenye kipimo, kalamu mkononi, uso umekunjamana, kimya. Hujui kosa lako ni lipi. Unachojua ni kwamba unahesabiwa. Mawimbi ya saa tisa angeyasamehe, watu husamehe bahari. Sidhani alikasirikia maji wala choo. Neno alilokuambia gatini linasema wazi: "Ungesema tu."

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, usinyamaze. Ulinyamaza mwaka jana, na ukimya huo ndio uliokutenga na kaka yako.

Nami nilipita hapo hapo. Nimeishi botini miaka 11 na marehemu mume wangu. Dada yangu alipokuja mara ya kwanza nilimwambia ajisikie nyumbani. Akajisikia nyumbani kweli, akapiga mswaki huku bomba likimiminika, nami nikalala macho wazi nikiisikiliza pampu ya maji inavyonguruma. Kosa lilikuwa langu. Boti si nyumba, na mtu asiyewahi kuishi humo hana namna ya kulijua hilo mpaka aambiwe. Kumwambia mgeni mapema jinsi mahali panavyoishika ni sehemu ya kumkaribisha. Mume wako anaita masharti. Mimi naona ni ukarimu wenyewe, na una bahati kwamba tiketi hazijanunuliwa.

Ila kabla ya maji kuna jambo zito zaidi, nalo si la wifi wala la orodha. Ni zile maili 60. Hapa naomba mume wako asome mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye nahodha na hesabu hii anaijua kuliko mimi.

Boti ya mita 12 yenye mzigo na watu saba tuiwekee maili 5 kwa saa. Kwa mstari ulionyooka, maili 60 ni saa 12. Lakini hakuna boti ya tanga inayokwenda moja kwa moja ndani ya upepo. Itabidi mbishe, mshazari huku kisha mshazari kule, na hata mkibisha vizuri kabisa kwa pembe ya digrii 45 kila upande, zile maili 60 zinakuwa kama 85. Hizo ni saa 17, kabla hamjahesabu mkondo na mawimbi yanayorudisha boti nyuma. Mchana wa visiwa vya joto ni saa 12 hivi, na jua likizama giza linaingia upesi. Mkiondoka alfajiri saa kumi na mbili, mtafika karibu saa tano usiku. Nani ataingia kati ya matumbawe saa tano usiku? Miamba ile huonekana jua likiwa juu na liko mgongoni, maji ya kina yakiwa buluu iliyokolea, mwamba ulio karibu ukionekana kahawia. Usiku huoni rangi. Na mkiondoka jioni ili mfike asubuhi, basi mama wa miaka 71 mwenye goti bovu na mtoto wa miaka 6 watakesha baharini usiku kucha kwenye mawimbi ya usoni.

Mume wako atasema kuna injini. Ipo, lakini kwenye mawimbi ya mbele mwendo unaweza kushuka hadi maili 3 kwa saa, na boti hupiga chini kwa kishindo kila wimbi. Hiyo mmeishaionja mwaka jana, na mbavu za kaka yako ni shahidi.

Mabaharia wanaopokea wageni wana kanuni yao ya zamani: mgeni achague mahali au achague siku, asichague vyote viwili. Mume wako amempa mama yake vyote viwili. Amefanya hivyo kwa mapenzi, lakini ameahidi upepo, na upepo si wake. Mwambie hivyo kwa upole mkiwa wawili, si mbele ya simu ya wifi. Kisha mpe njia ya kutimiza ahadi yake bila kuhatarisha mtu. Kama kisiwa kile kinafikika kwa feri au kwa ndege ndogo, boti itangulie. Ninyi wawili ng'oeni nanga siku yoyote hali ya hewa itakapokuwa nzuri, hata wiki moja kabla, na wao wawafuate kwa feri. Mama atashuka gatini mkavu, amelala vizuri, akimkuta mwanawe anamsubiri. Kama hakuna feri wala ndege, sherehe ifanyike kwenye ghuba tulivu ya karibu, saa mbili au tatu za safari, upande wa kisiwa uliokingwa. Na kwa vyovyote vile, siku mbili za mwisho boti iwe imeshatia nanga kwenye kisiwa cha uwanja wa ndege. Hilo msilijadili na yeyote. Siku ile mbaya ya mwaka jana ilizaliwa na tarehe ya ndege, haikuzaliwa na upepo.

Hukutaja mwezi. Kama tarehe ya kuzaliwa inaangukia majira ya vimbunga, zungumzeni upya kabisa. Atlantiki na Karibiani huhesabu majira hayo kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Pasifiki ya Kusini na upande wa kusini-magharibi wa Bahari ya Hindi ni takriban Novemba hadi Aprili. Visiwa vilivyo karibu sana na ikweta vimbunga havivifikii ila kwa nadra, lakini mvua za ghafla zenye upepo mkali hazikosekani.

Sasa watu saba. Mwanangu, boti yenu haiwatoshi watu saba kwa siku 14, na kusema hivyo si kumfukuza mtu. Wifi, mumewe na watoto wakodi chumba nchi kavu, au mama apewe chumba nchi kavu na wengine wajipange, na mchana wote muwe botini. Mtu mzima anahitaji choo anachokifikia usiku bila kupita juu ya miguu ya wajukuu. Au wagawane siku: nne botini, nne pwani. Mimi ningependekeza wasizidi usiku tano mfululizo majini. Joto, ukaribu na kutikisika huwachosha hata wanaopendana sana.

Maji nayo yasemeni kwa namba, kwa sababu namba haimsemi mtu vibaya. Mwaka jana mlikuwa wanne na tangi liliisha siku ya nne, yaani lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Watu saba kwa mwendo huo watalimaliza tangi siku ya tatu asubuhi. Wakitumia lita 10 kila mmoja, litafika karibu siku ya sita. Mgeni hakosi adabu anapotumia nyingi: bafu la kawaida la nyumbani humwaga kama lita 8 hadi 10 kwa dakika, na dakika tano tu zingekula hadi sehemu moja ya nane ya tangi lenu. Wambieni hilo, kisha waonyesheni njia nyingine ilivyo tamu: kuruka baharini, sabuni ukiwa kwenye ngazi ya nyuma, kurudi majini, halafu lita mbili za maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye pampu ndogo ya kunyunyizia, mpya, isiyowahi kutiwa dawa ya wadudu. Maji ya kunywa yasibaniwe hata kidogo. Kwenye joto lile mtu mzima anahitaji kama lita tatu kwa siku, na mama mkwe zaidi ya wote, hasa kama dawa zake za presha ni zile za kukojoza. Ya kwake yawekwe kwenye madumu ya pembeni yasiyohesabiwa na mtu.

Na lile daftari mpe mtoto wa miaka 9. Awe yeye wa kusoma kipimo kila asubuhi na kutangaza mbele ya wote zimebaki lita ngapi. Watoto hupenda sana kazi ya kweli. Na hesabu ikitangazwa na mtoto mezani, hakuna anayejisikia kuchunguzwa.

Choo mwambieni kila mmoja, uso kwa uso, siku ya kwanza, kwa kuonyesha. Bomba lake lina upana wa kama milimita 38. Kisipite kitu ambacho hakikupitia mdomoni kwanza. Karatasi iende kwenye kikapu chenye mfuniko, na pampu isukumwe mara nyingi mpaka bomba lote lisafike. Mume wako afanye onyesho hilo kwa wanaume na wewe kwa wanawake. Aibu itadumu dakika mbili.

Kichefuchefu cha bahari kinastahili heshima, kwa sababu mgeni aliyeugua siku ya kwanza ataukumbuka ugonjwa kuliko kisiwa. Chanzo chake ni sikio la ndani kusema mwili unayumba huku macho yakiona chumba kimetulia. Ndiyo maana anayekaa ndani akisoma simu huumwa haraka, na anayeshika usukani akitazama upeo wa bahari mara nyingi hupona. Wengi huzoea baada ya siku mbili tatu. Kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili mlale palepale mlipowapokelea, nanga chini, miili yao ijifunze. Dawa hunywewa kabla ya safari, kwani mtu akishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Kuna kibandiko cha hayosini kinachowekwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya kuondoka na hufanya kazi hadi saa 72, lakini kinaweza kuwachanganya akili wazee na hakifai kwa wenye aina fulani za presha ya macho. Mama mkwe asipewe dawa yoyote ya bahari kabla daktari wake hajaona orodha ya dawa anazokunywa sasa. Akilala wakati wa safari, alale katikati ya boti, ambako kutikisika ni kidogo. Chumba cha mbele ni kizuri mkiwa mmetia nanga kwa sababu upepo unaingia, lakini baharini hurushwa kuliko vyote.

Goti lake ndilo ningelifikiria kwanza ningekuwa wewe. Kushuka kwenye kiboti cha mpira na kupanda sitaha ni kazi ngumu kuliko safari yenyewe. Chagueni mahali penye gati linalofaa kufunga boti. Kama hakuna, apande kwa ngazi ya nyuma, bahari ikiwa shwari, mmoja mbele akimpokea na mmoja nyuma, na asiharakishwe. Ndani ashuke ngazi kwa kurudi kinyumenyume akiwa ameshika kwa mikono miwili.

Watoto wavae jaketi za kuokolea kila wawapo kwenye sitaha au kiboti. Saizi huenda na uzito wa mtoto, kwa hiyo muulize wifi kilo zao leo, mjue kama mnazo. Mkono wala mguu usiwekwe kati ya boti na gati, hata kama boti inakwenda kugonga, boti hutengenezwa. Wifi na mumewe wafundishwe vitu vitatu kabla ya kuondoka: kuzima injini, kuita msaada kwenye redio ya VHF chaneli 16, na mtu akianguka majini mmoja amnyooshee kidole bila kuondoa macho mpaka aokolewe. Anayepika afunge gesi akimaliza, kwani gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa na ikivuja hukusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Mizigo iwe mifuko laini, masanduku magumu hayana pa kukaa. Nguo nyepesi za mikono mirefu ni bora kuliko kujipaka krimu nyingi za jua, na baadhi ya visiwa, kama Hawaii na Palau, vimepiga marufuku krimu zenye kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe.

Haya yote asiyaandike mke. Yaandikwe na mtoto wa yule mama. Ujumbe wa wifi kwa wifi utasomwa kama ugomvi hata ukiupaka asali. Mume wako aandike kwa mkono wake, kwa ufupi, mfano hivi: "Mama, nina furaha mnakuja. Niliahidi siku na mahali, na nilikosea, kwa sababu upepo siwezi kuupanga. Tutasherehekea pale bahari itakaporuhusu, na nitakuwa karibu nawe siku zote. Maji yetu ni kidogo, nitawaonyesha tunavyooga. Niambie goti lako linaweza ngazi ngapi, nami nitapanga kulingana na hilo."

Umeona hilo la mwisho? Katika barua yako nzima mume ameahidi, wifi amekataa, wewe umeogopa, na mama mkwe "hajasema neno". Hakuna aliyemuuliza. Mpigieni simu, mume azungumze, nawe uwe karibu, mumuulize anataka nini katika siku hiyo. Huenda atasema kisiwa kile. Huenda pia atasema anataka kukaa kivulini na mwanawe na wajukuu, boti imetulia, asishuke popote. Mkishajua, mtapanga kwa ajili yake badala ya kukisia.

Wifi akirudia neno la jeshi, usibishane naye. Mwombe aje na moyo wake, na umwambie ukweli: mwaka jana hukusema, na ulimpoteza ndugu.

Kuhusu ndugu huyo, usisubiri wakwe waondoke. Mwandikie kaka yako wiki hii. Usimweleze upepo, tangi wala pampu, kwa sababu maelezo yatasikika kama kujitetea. Mwambie kuhusu daftari. Mwambie uliona haya kuwaambia maji ni machache, ukachagua kuandika badala ya kusema, na kwamba hakuwa akikusumbua hata siku moja. Mwombe radhi na mkewe pia, kwa jina lake.

Akijibu, hata kwa neno moja, niandikie.